Nati ya Tairi la Mbele

"Funga jalada," mkuu wa kituo alisema, hata kabla Inspekta hajavuta kiti. "Saa nane gari linampeleka yule fundi mahakamani. Weka sahihi yako hapo chini twende mbele."

Inspekta hakuvuta kiti. Alilisoma jalada akiwa wima, ukurasa kwa ukurasa, ingawa angeweza kulisimulia akiwa amefumba macho. Jumapili mchana kijana mmoja mpima ardhi alikutwa amekufa kwenye kona ya lami, kilomita sita kutoka kizuizi cha msitu, pikipiki yake imelala mtaroni. Breki ya mbele ilikuwa inaning'inia, boliti moja haipo. Aliyeihudumia pikipiki hiyo Ijumaa alikuwa fundi mwanamke aitwaye Bi Grisi, ambaye pia ni mama mdogo wa marehemu. Kosa: uzembe uliosababisha kifo. Mambo yote yalikuwa yamepangwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera.

"Sitii sahihi," alisema.

"Unasemaje?"

"Sijaikagua pikipiki, mkuu. Hakuna aliyeikagua."

"Kapteni ameikagua!"

"Kapteni ametazama picha."

Mkuu alivua miwani, akaitupa juu ya meza. Kapteni, wacha niseme mapema, hakuwahi kuwa kapteni wa jeshi lolote. Alikuwa mwenye machimbo ya kokoto kule vilimani, na kiongozi wa kikundi cha waendesha pikipiki wanaopanda milima kila Jumapili. Pikipiki zao ni zile ndefu za kwenda lami na porini, zenye matairi ya meno na taa na namba kama kawaida. Alikuwa ameipa polisi pikipiki nne za doria, na tangu siku hiyo mkuu akiliona gari lake hutabasamu kabla halijasimama.

"Wewe binti, kuna siku utasema ndiyo katika maisha yako?"

"Siku nitakayoulizwa kitu cha kweli."

"Saa nane," mkuu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ikigonga saa nane huna kitu mkononi, nitasaini mwenyewe. Na wewe kesho utakwenda kuongoza magari pale mzunguko."

"Nitayaongoza vizuri," Inspekta alijibu, akatoka. Ilikuwa saa tatu na robo.

Bi Grisi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu na ovaroli lake la buluu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, macho makavu. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega kama ya mbeba mizigo. Hakusimama.

"Umekuja na pingu au na maswali?"

"Maswali, shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, uliza. Lakini ukianza na ile boliti nitalala."

"Naanza na boliti."

Bi Grisi alicheka kwa uchungu. "Nilizikaza zote mbili, nikazipiga mstari wa rangi ya njano kama ninavyofanya siku zote, boliti na chuma chake pamoja. Aliyeifungua ameukata ule mstari. Nimewaambia jana, wakaniambia eti ilijilegeza. Miaka thelathini nafunga boliti! Ijilegeze ya mwanangu?"

Alisema mwanangu, na wala hakuwa anatia chumvi. Dada yake mkubwa alipolazwa miaka ile, yeye ndiye aliyemlea yule mtoto, akamfundisha kuendesha kwenye uwanja wa nyuma ya gereji.

"Anazikwa leo saa kumi," alisema. "Jana mkuu wenu alikwenda mpaka uani kwa dada yangu, watu wamejaa msibani, akasimama akatangaza kwamba mkono wangu ndio uliomuua. Dada kaniletea ujumbe. Nisikanyage mazikoni. Mwambie mkuu wako jela sijali. Ila kaburi la mwanangu sifukuzwi na mtu."

Inspekta alikaa karibu naye. "Nisaidie basi. Nitazame nini?"

"Umepima upepo wa matairi?"

"Hapana."

"Polisi bwana! Mnapima barabara, mnapima damu, tairi mnaliacha." Bi Grisi alivuta kamasi, akajiweka sawa. Sasa alikuwa anafundisha, na sauti ilimrudia. "Sikiliza. Ukitoka lami ukiingia vumbi, unapunguza upepo ili tairi lishike. Ukirudi lami, unajaza tena. Lakini tairi likiwa laini huwa linatembea kidogo juu ya rimu na kuuvuta mpira wa ndani. Sasa kile kibomba cha kujazia upepo kina nati yake. Wengi wanaikaza chini mpaka kwenye rimu. Makosa! Mpira ukivutwa, kibomba kinang'oka. Mimi naiweka juu, inakumbatia kifuniko. Kibomba kikianza kulala unakiona, unakinyoosha, safari inaendelea. Kila pikipiki iliyopita mikononi mwangu nati yake iko juu. Hata yako."

Hata yake, kweli. Inspekta alikuwa na pikipiki kuukuu ya aina hiyohiyo, tangi limebonyea upande, na kwa miaka sita aliyemhudumia alikuwa huyuhuyu. Alijua mkuu atalitumia hilo dhidi yake. Na alitumie.

Saa nne alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa vielelezo. Mtunza ua aliapa kwamba tangu Jumapili hakuna aliyeigusa, na utepe wa polisi ulikuwa bado umeizunguka. Inspekta alianza na breki. Kwenye boliti iliyobaki mstari wa njano ulikuwa umekatika, nusu yake imegeukia pembeni.

"Iko hivyo tangu ije," mtunza ua alisema. "Mkuu anasema ni mtikisiko."

"Mkuu anasema mengi. Nishikie tochi hapa kwenye rimu."

Akatazama kwenye tairi la mbele. Nati ilikuwa imekazwa chini kwenye rimu. Ya nyuma hivyohivyo.

Alikaa juu ya visigino vyake, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akavaa glovu, akavifungua vile vifuniko viwili vidogo vya chuma kwa koleo, kila kimoja kwenye bahasha yake. Akapima upepo. Mbele ishirini na tisa. Nyuma thelathini na tatu. Akarudia mara ya pili, namba zilezile.

"Kuna nini?" mtunza ua aliuliza.

"Kuna mtu nadhifu sana," Inspekta alisema, akazipeleka bahasha kwa mtaalamu wa vidole, mzee mmoja asiyependa kuharakishwa. Mzee alivipulizia unga, akainama na lenzi yake, akaguna.

"Dole gumba la kulia, kwenye kifuniko cha mbele. Zuri kweli, kama la kitambulisho. Si la marehemu. Si la yule mama. Basi ni la nani?"

"Nitakuletea," Inspekta alisema.

Gereji ya Bi Grisi ilikuwa imefungwa kwa mnyororo wa polisi; akaufungua. Mezani, katikati ya minyororo na pedi za breki, alikuta pampu ndogo ya safari, mpira wake umepasuka, imefungwa karatasi yenye jina la kazi la mwenyewe: mpima ardhi, Ijumaa, isubiri kipuri kipya. Kwa hiyo Jumapili kijana alikwenda vilimani bila pampu.

Alishika lami kuelekea msituni. Matairi ya meno hayapendi lami, yanalalamika njia nzima, mlio mmoja wa chini usiokatika, lakini yeye alishauzoea. Kilomita kumi na moja kabla ya msitu alipita kituo cha mafuta, chenye mashine ya upepo. Kilomita tano mbele akaipita kona ya ajali. Kilomita sita zaidi akafika kizuizi, ambapo lami inakufa na vumbi jekundu linaanza. Alizima, akavihesabu vituo hivyo tena kichwani, kurudi nyuma. Kizuizi, kona, mafuta.

Mlinzi wa kizuizi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye redio mbovu.

"Namkumbuka sana," alisema. "Alipita saa mbili asubuhi. Alikaa pale kwenye jiwe akatoa upepo, kama mnavyofanya nyote. Nikamtania, leo pampu uliyonayo siku zote iko wapi? Akasema imeharibika, akirudi atakwenda polepole mpaka kituo cha mafuta, ajaze huko."

"Alikuwa peke yake?"

"Alipopita, ndiyo. Mimi niliondoka saa sita zamu ikaisha. Lakini..." Mlinzi alijikuna shingo. "Baada yake alipita mkubwa wa kokoto. Kapteni. Na ile pikipiki yake mpya ndefu."

"Umemwambia nani haya?"

"Nani ameniuliza?"

Inspekta alipunguza upepo kwenye matairi yake, akainua kizuizi mwenyewe, akaingia. Hapo ndipo pikipiki za namna hii hujieleza. Alisimama juu ya vikanyagio, magoti yakalibana tangi, viwiko nje, akaliacha gurudumu la mbele lichague njia kati ya mawe huku mwili wake ukifuata. Korongo la kwanza alilipita vizuri. La pili lilimtupa pembeni, akaangukia kiwiko, akatukana kidogo, akainyanyua pikipiki na kuendelea. Kwa ukaidi wake wa kawaida hakutazama hata damu.

Juu kabisa, mahali machimbo yalipofikia, alikuta alichokuwa anakitafuta. Vigingi vya mpima ardhi vya mpaka wa msitu, vimepakwa rangi nyeupe vichwani, vilikuwa vimepigwa hatua mia mbili ndani ya machimbo. Yaani Kapteni alikuwa anavunja mawe ya msitu wa umma. Vigingi vitatu vilikuwa bado vimesimama. Vingine vilikuwa vimeng'olewa, na mashimo yake yalikuwa bado mabichi. Alipiga picha kila kimoja.

Sasa wacha niwaambie alichofanya, kwa sababu baadaye mkuu alikiita utovu wa nidhamu. Alishuka upande wa pili hadi ofisi za machimbo. Kabla ya lango alisimama. Alitoa mfukoni vifuniko viwili vipya vya chuma, akavifuta kwa kitambaa mpaka vikang'aa, akavifunga kwenye matairi yake yaliyolegea, kwa kitambaa hichohicho. Nati akaziacha juu. Kisha akaisukuma pikipiki hadi langoni kwa miguu, uso wa mtu aliyeshindwa.

"Afande dada!" Kapteni alitoka akicheka, mikono wazi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye buti za kuendeshea zenye vifungo vya chuma. "Umeangukia wapi? Tazama kiwiko!"

"Njia yako imenikomesha. Na pampu sina. Nitarudije kwenye lami na matairi laini hivi?"

"Thubutu! Utaendaje na matairi hayo kwenye lami? Litayumba hilo la mbele likumwage. Lete hapa."

Inspekta alitarajia atamwita kibarua. Wapi! Kwa pikipiki Kapteni hakumwamini mtu. Alileta pampu yake ya kanyagio na kipimo chenye kioo, akapiga goti, akafungua kifuniko kwa dole gumba na kidole cha shahada, akaanza kujaza.

"Upepo gani?" Inspekta aliuliza.

"Mbele ishirini na tisa, nyuma thelathini na tatu. Watu wanasema thelathini thelathini, wanabahatisha tu. Nimejaribu miaka ishirini, hizo ndizo namba."

"Jumapili hukupanda?"

"Jumapili? Nilikuwa nyumbani, mafua yamenikamata." Alirudisha kifuniko, kisha akasita, akakunja uso. "Na hii nati nani ameiacha inaning'inia huku juu? Ni yule mama, siyo? Nimemwambia mara ngapi!" Akaizungusha kwa vidole viwili, chini, chini, mpaka ikagusa rimu. Akaikaza. "Nati mahali pake ni hapa."

"Asante," Inspekta alisema. "Umenifundisha."

"Na pole na msiba wa yule kijana. Fundi mzembe ni hatari."

"Hatari kweli."

Alipanda, akaondoka taratibu. Kwenye mpindo wa kwanza, nje ya macho yao, alivaa glovu, akavitoa vifuniko kwa koleo na kuvitia kwenye bahasha. Kisha akaenda mbio ambazo hakuwahi kuzieleza kwenye ripoti yake.

Saa nane kasoro dakika tano gari la mahabusu lilikuwa linaunguruma uani. Ofisini kwa mkuu Kapteni alikuwa ameshafika na gari lake, amekalia kiti cha wageni, mguu juu ya mguu. Alikuwa amekuja, alisema, kuwapongeza askari kwa kazi nzuri. Inspekta aliingia bila kubisha hodi, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na mzee wa vidole nyuma yake.

"Umechelewa," mkuu alisema. "Nimeshasaini."

"Utaifuta. Kapteni, una dakika mbili?"

"Kwa afande dada, hata tatu."

"Pikipiki ya marehemu umewahi kuigusa?"

"Hata kwa kidole. Nimeona picha tu, mkuu ni shahidi."

"Ni kweli," mkuu alisema.

"Vizuri. Marehemu aliingia msituni saa mbili na matairi laini. Hakuwa na pampu, pampu yake iko gereji. Mashine ya upepo iko mbele ya ile kona, hakuifikia. Lakini pikipiki yake tumeikuta na matairi magumu. Nani alimjazia?"

"Labda aliazima pampu njiani," mkuu alisema.

"Na mimi nasema hivyohivyo. Kwa nani?" Inspekta hakumtazama mkuu. "Mbele ishirini na tisa, nyuma thelathini na tatu. Nati zimekazwa chini."

Kapteni alishusha mguu. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila limebaki peke yake usoni.

"Binti, fikiri kidogo. Mtu anataka kuitupa pikipiki mtaroni. Mjinga gani atapoteza muda kuijaza upepo?"

"Asiyejua pikipiki asingejaza. Angeiburuta hivyohivyo mpaka kwenye kona. Hii imejazwa na mtu ambaye mikono yake haimruhusu kupanda lami na tairi laini, hata siku ya kuua. Miaka ishirini, umeniambia mwenyewe. Ulipiga goti bila kufikiri, kama ulivyopiga kwangu mchana huu."

Mzee wa vidole aliweka picha mbili mezani, akazisogeza kando kwa kando. "Kifuniko cha marehemu. Kifuniko cha Inspekta, saa sita na nusu leo. Dole gumba moja," alisema, akajikohoza. "Ningeapa hata mbele ya mama yangu."

Nje dereva wa gari la mahabusu alipiga honi.

"Hicho si kitu," Kapteni alisema hatimaye, na sasa sauti ilikuwa nyingine. "Kidole kwenye kifuniko! Nitakuwa nje kabla hujafika nyumbani kwako. Mkuu, mwambie. Mwambie nani amekupa pikipiki zile uani."

Hapo Kapteni alikosea. Mkuu alikuwa mwoga, alikuwa mpenda vya bure, lakini hakuna mtu mzima anayependa kuambiwa bei yake mbele ya watu. Alizitazama zile picha kwa muda. Kisha akatazama picha za vigingi vilivyong'olewa, ambazo Inspekta alikuwa anazipanga mezani moja baada ya nyingine.

"Kijana alikataa kuhamisha mpaka, siyo?" Inspekta aliuliza. "Ulimfuata ukamwomba, akakataa. Ukamuulia kulekule, ukaileta pikipiki lami, mwili ukaletwa na lori la kokoto. Dereva wako aliyekuleta hapa yuko chumba cha pili. Nimemuuliza swali moja tu, akaanza kulia."

Kapteni alisimama. Inspekta alisimama mlangoni, mfupi kwa kichwa kizima, akitoka damu kiwikoni, na hakusogea hata inchi moja.

"Nipishe."

"Pita juu yangu."

"Mfunge pingu," mkuu alisema.

Saa tisa na nusu mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Mkuu alikuja mwenyewe, kofia mkononi, na sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe kimyakimya.

"Mama, umeachiwa. Kuna mlango wa nyuma pale, hakuna waandishi, gari litakufikisha kwako."

Bi Grisi alimtazama kutoka kwenye benchi. Hakusimama.

"Sitoki."

"Umesikia nilichosema? Uko huru."

"Nimesikia. Sitoki. Jana ulisimama uani kwa dada yangu ukasema nimemuua mwanangu. Watu mia wamesikia. Sasa unanitoa kwa mlango wa nyuma ili wasikie nini?" Aliweka mikono yake myeusi juu ya magoti. "Utanipeleka mwenyewe. Utasimama palepale ulipokuwa umesimama. La sivyo rudisha kufuli lako."

Mkuu aligeuka kwa Inspekta. "Zungumza naye."

Inspekta aliingia ndani, akaketi kwenye benchi kando ya Bi Grisi, akanyoosha miguu yenye vumbi. "Na mimi nimechoka kutembea," alisema.

Walifika saa kumi na dakika ishirini. Jeneza lilikuwa tayari kando ya kaburi na watu wamesimama kwa vikundi, na walipomwona mwenye ovaroli la buluu manung'uniko yalipita kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjomba mmoja alianza kuja mbele kumzuia. Bi Grisi alimpita kama amepita mlingoti.

Mkuu alivua kofia. Alisema yale aliyoyasema jana hayakuwa kweli. Alisema breki ilikuwa imefungwa sawasawa, ikafunguliwa na muuaji, na muuaji yuko ndani. Alitaka kuishia hapo. Inspekta alikohoa. Basi akaongeza kwamba alikosea kusema kabla ya kuchunguza, na kwamba anaomba radhi kwa mama yule na kwa familia yote.

Dada mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya kaburi. Hakumtazama mkuu. Alimtazama mdogo wake, ovaroli, grisi, nywele zilizosimama. Kisha akasogea upande mmoja wa kiti, nafasi ya mtu mwembamba ambaye Bi Grisi hakuwa.

"Mbona umechelewa?" alisema, na kilio kikamtoka.

Bi Grisi alijibana palepale, akamshika mkono kwa vidole vyake vyeusi.

"Walitaka nipite mlango wa nyuma, dada," alisema. "Nikakataa."